Mikono Iliyokua Wakati wa Njaa

Ugonjwa wangu ulikula parsele ya Iga Barrière, ng'ombe wawili wa baba mkwe, meza nzima ya viatu, pete ya ndoa na jina langu zuri. Nimehesabu mara mbili. Parsele niliiuza kwa bei ya kulia, maana wakati wa vita nani ananunua ardhi asiyoweza kuikanyaga? Lakini jina ndilo lililokuwa ghali kuliko vyote, na sikupewa hata risiti.

Mimi ni muuza viatu vya balo sokoni Bunia, vile vinavyovaliwa kwanza Ulaya kisha kwetu. Watu wananiita Papa Jozi. Kabla ya vita nilikuwa mwembamba, nina nguvu, navaa namba arobaini na moja, na sikujua hospitali ina milango mingapi.

Vita ilipopanda, dada yangu Vumilia alikimbia kutoka Fataki na binti yake Dorika mgongoni. Walifika kwangu bila hata sufuria. Tulikula mara moja kwa siku. Siku nyingine tulizungumza tu juu ya kula.

Ndipo viatu vyangu vikaanza kunibana. Nikahamia arobaini na mbili, kisha arobaini na tatu. Mimi mtu wa biashara nilijua palepale nani ana kosa: anayetuuzia balo. Nikamwendea na jozi mkononi.

"Namba zenu ni za uongo! Hii arobaini na mbili ni ya mutoto."

Akakigeuza kiatu, akakuna kichwa, akanipunguzia bei. Nilirudi nyumbani nikicheka. Mguu wa mtu mzima kukua? Bidhaa hiyo sikuwahi kuiona sokoni.

Kisha vidole vikanenepa, pete ikazama kwenye nyama mpaka fundi akaikata kwa msumeno. Nililowa jasho hata wakati wa baridi. Ulimi ulijaa mdomoni, meno yakaachana, na nilikoroma mpaka Dorika akawa analia. Taya na paji la uso vikasonga mbele. Mke wangu alinitazama asubuhi moja, akauliza, "Papa, uso wako iko inaenda wapi?"

Sokoni walikuwa na jibu lao. Bunia yote ilikuwa inakonda, mimi peke yangu naongezeka. Safari, muuza sabuni wa meza ya jirani, alisema kwa sauti ili wateja wasikie: "Siye tunabakia mifupa, weye unanenepa mpaka vidole! Uko unakula na nani?"

"Ninakula sombe, majani ya mihogo, kama weye."

"Sombe gani hiyo inaotesha taya? Utupatie mbegu."

Watu wakacheka, lakini neno likaenda. Wakasema Papa Jozi anakula na wenye bunduki. Wenye bunduki nao wakalisikia, wakaona kuna mtu anakula bila wao. Vijana watatu wakaja, wakaita, "Mukubwa, sehemu yetu iko wapi?" Wakabeba viatu vyote, hata vya upande mmoja. Nikaanza tena na jozi chache za mkopo.

Kichwa kikaanza kuniuma nyuma ya macho. Nilimwona mteja aliye mbele, lakini wa pembeni simwoni. Muuzaji asiyeona pembeni ni mtu wa kuibiwa. Niligonga miimo ya milango, nikajua naelekea kwenye upofu, na nyumbani kuna midomo inayonitegemea.

Nilikutana na dokteri kwa sababu ya Dorika. Mtoto alikuwa na miaka minne na kimo cha mtoto wa miwili. Tulimpeleka kambini kwa wakimbizi, wanakogawa maziwa. Dokteri, mwanamke wa kwetu mwenye haraka, alimpima mkono, akaandika. Kisha kalamu ikasimama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Papa, leta mikono. Uko na foto ya zamani?"

Nilikuwa na ya ndoa. Akaiweka kando ya uso wangu.

"Haukunenepa, papa. Uko mugonjwa."

Akanieleza polepole. Ini linatengeneza kitu kinachoitwa IGF. Umbo lake linafanana na insilini, ile ya watu wa sukari, lakini kazi yake kubwa ni kukuza mifupa na nyama. Amri inatoka kwa tezi dogo chini ya ubongo.

"Huyu mutoto, njaa imefunga ini yake. Amri inafika, kazi haifanyike, njo maana hakue. Weye, tezi iko na uvimbe, inatoa amri bila kupumuzika. Na ule uvimbe unakamata mishipa ya macho."

"Ni kansa?"

"Karibu kila mara hapana. Lakini ukibakia hapa, utapofuka. Na moyo pia utachoka."

Hapo ndipo parsele ilipouzwa, na ng'ombe wa baba mkwe wakaifuata. Nilipanda ndege ya mizigo hadi Entebbe, kisha basi hadi Nairobi. Damu yangu ilipelekwa Ulaya kupimwa. Ilisafiri mbali kuliko mwenyewe. Jibu likarudi: IGF imepita kiasi sana. Madaktari walipitia puani, wakatoa uvimbe, wakaziba tundu kwa mafuta waliyokata tumboni mwangu. Sikuruhusiwa kupenga kamasi, na koo lilikuwa kama nimemeza mchanga. Siku bandeji ilipotoka, nilimwona muuguzi amesimama pembeni. Nililia mbele yake bila aibu.

Mifupa ilibaki kama ilivyo, taya ndilo hili. Lakini vidole vilipungua, jasho likakauka, macho yakarudi karibu yote. Dorika alikunywa maziwa, akala, akaanza kurefuka. Namshukuru Mungu, yule dokteri, na baba mkwe ambaye hajawahi kuniuliza habari za ng'ombe. Nawe msomaji, ukiwa mtu mzima na viatu vinakataa, usigombane na muuzaji. Nenda upimwe.

Nimerudi kwenye meza yangu Bunia, na sasa ninaomba shauri. Kuna mama anayeuza mafuta ya mawese, mteja wangu. Kila akirudi, namba imepanda. Sauti yake inakuwa nzito, na mume wake anajisifu kwamba anamlisha vizuri. Nikimwambia yeye, atasema ninamloga. Nikimwambia mume, atasema ninachungulia miguu ya mke wake. Jumamosi anakuja kuchukua jozi niliyomwekea, arobaini na tatu. Niambieni, nianzie wapi?