Meza Isiyovaa Kitambaa

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na sioni aibu kusema hivyo. Nimefundisha miaka mingi na kusimamia mitihani mingi. Nimeona majibu yameandikwa kwenye nyayo za viatu, kwenye mapaja, na mara moja ndani ya ganda la ndizi. Ukishaona majibu kwenye ganda la ndizi, hata mchungaji akikuambia bwana asifiwe unamtazama mara mbili.

Kwa hivyo nilipoamua kununua meza ya zamani ya kuweka katikati ya sebule yangu hapa Kitale, nilienda dukani nikiwa tayari kudanganywa. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo anayezunguka mashambani akinunua vitu vikuukuu, kisha anavipiga msasa na kuvipaka vanishi. Watu wa namna hiyo nawajua. Wanasugua mbao mpya kwa majani ya chai zizeeke kwa siku moja, wanatoboa vishimo kwa msumari na kukuambia ni kazi ya wadudu. Nilichomoa pini kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikaichomeka kwenye tundu moja. Tundu la msumari huenda moja kwa moja, lakini mdudu hukata kona. Pini ikagoma katikati. Nikalowesha kidole, nikasugua mguu wa meza, nikanusa.

"Madam, hiyo ni meza, si samaki," muuzaji akasema.

"Imetoka wapi?"

"Ilikuwa ya mzungu, kule mashamba ya Kwanza."

Kila kitu kikuukuu Kitale kilikuwa cha mzungu, hata jembe. Sikumwamini, lakini meza nilikuwa nimeshaipenda. Ilikuwa nzito, nyekundu iliyokolea, na katikati ya uso wake palikuwa na alama nyeusi yenye ncha upande mmoja. Muuzaji alisema hapo ndipo mzungu alipokuwa akiweka birika lake. Birika gani lina ncha? Nikatoa pesa, maana alama ile ndiyo iliyonitoa wasiwasi. Tapeli hawezi kuharibu mali yake mwenyewe.

Kuiweka mahali pake kulinichukua wiki nzima. Meza ya katikati ikiwa juu kuliko viti, wageni wanakula kama watoto walioketishwa meza ya wakubwa. Ikiwa mbali, wanainama mpaka chai inamwagikia magotini. Ikiwa karibu sana, anayepita na jagi na beseni ya kunawisha watu mikono atakwama katikati ya magoti. Nilipima, nikasukuma, nikaketi kila kiti kwa zamu kama mtu asiye na akili nzuri. Mwishowe nikaiacha karibu na dirisha kidogo, mwanga wa asubuhi uipate, na nikaapa haitavaa kitambaa.

Hilo la kitambaa liliwashinda akina mama wa kanisa. Mmoja aliniuliza kwa huruma kama vitambaa vyangu bado havijakauka. Mwingine alijitolea kunifumia vipya. Kwetu Bungoma nilikokulia, meza bila kitambaa ni sawa na kumpokea mgeni ukiwa na petikoti. Meza ya baba ilivaa viwili: cha chini cheupe kilichofika karibu na sakafu, na cha juu cha kufumwa kwa uzi, chenye maua. Sisi watoto tuliijua kwa ncha za miguu yake tu, zilizopakwa rangi ya kijani. Mama alifua vile vitambaa sisi tukiwa shuleni, tukirudi meza imeshavaa vingine. Aliyethubutu kuinua kitambaa alichapwa.

Nilikaa na meza yangu karibu mwezi mmoja. Kisha senge, dada ya baba, akaja kutoka Ndalu kuonyesha macho yake kwa daktari. Nilimpa chai. Aliweka kikombe mezani, akapitisha kiganja juu ya ile alama nyeusi, akarudia tena polepole.

"Hii arama ni yangu," akasema.

"Yako namna gani, senge?"

"Mimi ndio nilichoma, na pasi ya makaa. Siku ya ubatizo wako, napiga ile gauni yako, nikaenda kuangaria uji nikasahau. Mama yako akachukua kitambaa akafunika haraka. Akasema baba yako asijue. Na si alikufa hivyo tu, bila kujua?"

"Meza yetu ilikuwa ya kijani, senge."

"Rangi si inatolewa, bana."

Niliinama chini ya meza na tochi ya simu. Kwenye pembe ya ndani, mahali msasa haukufika, palikuwa na kijani.

Senge alicheka hadi akafuta macho yale mabovu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshafika Bungoma kwa mawazo, na nilikuwa nimeshampata mwizi: mke wa ndugu yangu. Ndugu yangu anafanya kazi Nairobi, na mkewe ndiye anayeishi na mama. Nikaanza kukumbuka. Kila nikipiga simu yeye ndiye anayeshika kwanza. Mara mama amelala, mara mama yuko bafuni. Wakati wa mvua kubwa niliambiwa mama ana malaria, ni kidogo tu, nisisumbuke kuja. Nikatuma pesa ya dawa, sikuja. Na sasa meza ya baba inauzwa mjini Kitale. Niliogopa. Nilimwona mama akivuliwa vitu vyake kimoja kimoja, na mimi huku navinunua na kuvipangusa vumbi.

Nilienda siku iliyofuata bila kupiga simu, kwa makusudi. Nilimkuta mama ameketi sebuleni. Hakuinuka. Mama yangu, ambaye siku zote hunipokea mlangoni na mkoba wangu anaunyakua kabla sijasalimu, alininyooshea mkono tu kutoka kitini. Wamemtisha, nikajiambia. Katikati ya sebule palikuwa na stuli ya plastiki, imevishwa kile kitambaa cheupe cha zamani.

"Karibu, mulamwa," mke wa ndugu yangu akasema. Ndivyo sisi mawifi tunavyoitana. "Si ungetuambia unakuja, tuchinje kuku?"

Ndiyo, nikawaza, niseme nakuja upate muda wa kuficha. Akaleta chai. Nilihesabu viti. Nikatafuta redio ya baba kwa macho, ilikuwepo. Saa ya ukutani, ilikuwepo. Nikaweka kikombe chini kabla sijakionja.

"Meza ya baba iko wapi?"

Akamwangalia mama.

"Usimwangalie mama. Nimekuuliza wewe."

"Niliuza mimi," mama akasema. "Kuna mtu alikuja kununua vitu ya zamani, nikampatia. Nikanunua kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Cha huyu. Alikuwa analala chini, kando yangu, tangu nianguke. Kwa mkeka, wiki kwa wiki, akiamka kunigeuza. Mimi nilale kwa godoro na yeye kwa simiti, na meza inakaa hapa imevaa nguo mbili?"

"Ulianguka?"

Hapo ndipo nilipouona mkongojo, umeegemezwa ukutani nyuma ya kiti chake.

"Nyonga. Ile wakati ya mvua."

"Mliniambia ni malaria!"

"Mimi ndio nilisema uambiwe malaria." Mama hakupandisha sauti. "Nakujua, mwanangu. Ungekuja hapa kutafuta nani amenisukuma."

Mke wa ndugu yangu alikuwa ameinamia sinia, akipanga vikombe ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. Nilijua la kusema. Pole kwa mama, na asante kwa huyu aliyelala kwenye simiti badala yangu. Maneno mawili mafupi, hata mtoto wa chekechea anayajua. Nikafungua mdomo.

"Ulikuwa na nani ulipoanguka?" nikauliza.

Mama hakushangaa. Alimgeukia mke wa mwanawe, akamwambia anibadilishie chai, hii imepoa.