Tulipoandika Wasifu wa Kikosi

Mke wangu alipofariki Garland, jimbo la Texas, wasifu wake niliuandika mimi. Watu wa jumuiya walitaka kunisaidia, wakasema mfiwa hapewi kazi, akae tu. Nikawaambia hii naiweza. Nimesoma mpaka darasa la saba, kambi ya wakimbizi, Kigoma, lakini wasifu wa marehemu nimeusikia mara nyingi mno, naujua kama njia ya kwenda bombani. Unataja alikozaliwa na wazazi wake. Unataja shule, kazi, ndoa, safari. Kisha unafika kwenye ugonjwa, na hapo huruki: alianzaje kuugua, nini kilimuuma, alitibiwa wapi, nani alimuuguza, mpaka saa ya mwisho. Unamalizia na aliowaacha. Niliyaandika yote hayo kwenye meza ya jikoni, nikayasoma mwenyewe ukumbini baada ya misa, mbele ya Warundi wenzangu, Wakongo, na Watanzania waliotoka mji jirani wa Irving wakiwa bado na mavazi ya ofisini. Sikulia wakati wa kusoma. Nililia siku nyingine, peke yangu, na bado ninalia. Lakini ule wasifu ulikuwa kamili, na hilo limenisaidia kusimama kuliko maneno mengi niliyoambiwa.

Naanza na hapo kwa sababu nisipopataja, habari ya mzee wa Houston haitaeleweka.

Baada ya kuondoa msiba nilihamia Houston kwa binti yangu, mtaa wa Gulfton, kwenye majengo ambayo ukikaanga kitunguu ngazi nzima inajua. Kazi ya ghala niliiacha Garland. Nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, na wa kwanza niliyepewa ndiye huyu: Mmarekani mweusi, mgane kama mimi, aliyeendesha basi la shule mpaka alipostaafu. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Mpira wa oksijeni ulikuwa puani mwake kutwa nzima, na akisema sentensi ndefu ilibidi atue katikati, kama mtu aliyebeba gunia.

Nilimwita Mzee. Siku ya kwanza aliniuliza maana yake.

"Ni neno la heshima," nikasema.

"La heshima, au la uzee?"

"Vyote viwili, Mzee."

Akasema basi nimwite hivyohivyo, kwa sababu vyote viwili alikuwa amevitolea jasho.

Baba wa babu yake alikuwa askari wa kawaida katika kikosi cha askari wa miguu, kikosi cha watu weusi, katika vita ya kaskazini na kusini iliyoukomesha utumwa hapa Marekani. Baadhi ya askari wa kikosi hicho walibaki Texas na kuzikwa Houston, kwenye makaburi ya zamani ambayo sasa yamepakana na barabara kuu. Kila mwaka, Jumamosi moja, wajukuu na vitukuu wao hukusanyika hapo, na mmoja husoma historia ya kikosi. Kwa miaka mingi msomaji alikuwa Mzee. Mwaka ule alijua, na mimi nilijua, na daktari alishatuambia, kwamba hatasoma tena.

Kilichokuwa kikisomwa ni siku moja tu. Ni siku ambayo kikosi kilitoka mahandakini huko Virginia, kikapita kwenye vinamasi na miti iliyokatwa ikalazwa kuwazuia, kikapanda mpaka kwenye ngome huku wenzao wakianguka kulia na kushoto. Ni habari kubwa. Nilipoisoma mara ya kwanza, polepole kwa Kiingereza changu, nywele zilinisimama.

"Lakini yule askari mwenyewe hakuwa akiisimulia," Mzee aliniambia. Alilelewa na babu yake, na babu yake ndiye aliyemsikia yule askari kwa masikio yake. "Ukimuuliza habari za ngome, alikuwa anasema ndiyo, tulipanda. Basi. Alichosimulia ni mchanga."

Vita ilipokwisha kule mashariki, kikosi hakikurudishwa nyumbani. Kilipakiwa melini, kikaletwa Texas, mpaka mdomo wa mto Rio Grande, kulinda mpaka wa Mexico. Hakukuwa na adui wa kupigana naye. Kulikuwa na upepo, mchanga, maji yenye chumvi, na chakula kisicho na mboga. Wakashikwa na kiseyeye: fizi zinatoka damu, meno yanacheza, miguu inavimba na kuwa myeusi. Baadaye kikaja kipindupindu. Watu waliopona risasi za Virginia wakafa huku, vita ikiwa imekwisha. Yule askari alikuwa akibeba maji na kuchimba makaburi, na mchanga ukawa unarudi shimoni kabla hajamaliza. Alimwambia mwanawe kwamba hilo nalo lisomwe. Mwanawe hakulisoma. Mjukuu naye hakulisoma.

"Mimi nimesoma ngome miaka yote hii," Mzee akasema, "kwa sababu ndiyo niliyopewa, na kwa sababu watu wanapiga makofi. Sasa nataka nisome mto."

Tatizo ni kwamba habari za mto hazikuwa zimeandikwa kama hotuba. Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa na mistari mikavu: kikosi kiliundwa mahali fulani, kikapelekwa mahali fulani, kikashika zamu, kikaagizwa Texas, kikavunjwa. Niliisoma yote. Nilipofika mwisho nikamwuliza, "Mbona ugonjwa haupo?"

"Ugonjwa gani?"

"Wasifu huu hauna ugonjwa. Wamezaliwa, wamefanya kazi, wamesafiri, halafu wamekwisha. Nani aliwauguza? Wamemwacha nani?"

"Hiki ni kikosi, bwana. Si maiti."

"Wangapi wako hai?"

Akanitazama. "Hakuna."

"Basi Mzee, tunaandika wasifu wa marehemu."

Alicheka mpaka mpira ukatoka puani, nikaurudisha. Halafu akaniambia nilete kalamu. Mimi nilikuwa natamka, yeye anaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika majina ya watoto kwenye viti vya basi. Kila kitu tulikiweka kwa utaratibu wa kwetu. Walianza kuugua baada ya kushuka melini. Walitibiwa kwenye mahema. Waliuguzwa na wenzao, na hapo tukamtaja baba wa babu yake na ndoo zake. Kisha aliowaacha: kikosi kimeacha wajane, watoto na wazazi. Mstari huo Mzee aliukataa mwanzoni, akasema hakuna kikosi duniani kilichowahi kuandikwa hivyo. Nikamwambia kwetu mtu akizikwa bila kutajiwa aliowaacha, watu wanarudi nyumbani wakiulizana kama alikuwa na ndugu. Akauandika.

Mwenye kamati ya kuandaa ile Jumamosi alikuwa dada yake. Ni mdogo kwake, lakini huwezi kujua kwa jinsi anavyoingia nyumbani. Alisoma kurasa zetu akiwa amesimama, mkoba mkononi.

"Watu wanakuja kusikia jinsi walivyopigana," akasema. "Hakuna mtu atakayevaa suti Jumamosi, kwenye joto hili, aje asikie habari za kuharisha."

"Baba wa babu hakuwa na suti," Mzee akajibu. "Na aliharisha."

"Toka utotoni hukuwahi kukosa habari za chooni mezani."

"Na wewe toka utotoni hukosi kuniambia la kusoma."

Akanigeukia. "Ndugu, hili neno la wajane ni lako, siyo?"

"Ni langu, Mama."

"Nilijua. Huyu hawezi." Akaziweka kurasa mezani. "Dakika kumi. Soma ngome. Ukibakiwa na pumzi, soma huo mto wako."

Hapo ndipo jambo lote lilipokwama. Kila asubuhi baada ya chai tulifanya mazoezi jikoni. Alianza na ngome, kama dada yake alivyotaka. Na ngome si kitu cha kusomwa kwa sauti ya chini. Mwili wake ulishazoea kuipandisha sauti pale askari wanapopanda, na hakuweza kujizuia. Walipofika juu, yeye alikuwa amekwisha. Midomo ilianza kubadilika rangi, nikawa namwekea mkono mgongoni mpaka pumzi zirudi. Tukajaribu kuifupisha. Tukajaribu kuweka mapumziko. Siku moja alifika mwanzo wa ukurasa wa pili, akasoma meli, akaishia hapo.

Alifunga macho, akaniuliza naonaje. Ningeweza kumwambia kesho itakuwa afadhali. Kazi hii ina maneno mengi ya namna hiyo, na wazee wengine wanayataka. Huyu hakuwa mtu wa hivyo, na mimi si mtu wa hivyo.

"Ukianza na ngome, Mzee, hufiki mtoni."

Siku hiyo alinigeuzia mgongo mpaka nilipoondoka. Wala sikujuta. Kitanda kilikuwa safi, dawa alimeza, na neno nililomwambia lilikuwa kweli.

Jumamosi yenyewe nilimvalisha suti ya kijivu na tai ya marehemu baba yake. Nikapakia kiti cha magurudumu na mtungi mdogo wa oksijeni, na mwingine wa akiba. Makaburini walikuwa wamesimamisha hema jeupe na kupanga viti vya plastiki. Wanaume wachache walikuwa wamevaa makoti ya bluu ya sufu, kama ya askari wa zamani, na jasho lilikuwa likiwatiririka mpaka shingoni. Magari ya barabara kuu yalivuma nyuma ya ukuta. Dada yake alikuwa mstari wa mbele, na kofia pana ya zambarau.

Nilimsukuma mpaka mbele, nikampa kipaza sauti na kurasa mbili. Alizitazama. Kisha akachukua ule wa kwanza, wa ngome, akanikabidhi.

"Shika huu," akasema.

Akaanza na meli.

Hakupaza sauti. Hakukuwa na mahali pa kuipaza. Alisoma kama mtu anayetoa taarifa ya mgonjwa kwa ndugu waliokaa nje, akatua, akavuta hewa, akaendelea. Alisoma chumvi. Alisoma fizi na miguu. Mtu mmoja nyuma alikohoa, mwingine akanong'ona kuuliza ngome iko wapi. Dada yake alinigeukia kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Mzee akasoma mahema, akasoma ndoo za baba wa babu yake, akasoma mashimo na mchanga unaorudi. Alipofika kwa aliowaacha alikuwa anapata maneno mawili matatu kwa pumzi moja. Wajane. Na watoto. Na wazazi. Nilikuwa nimeshashika mtungi wa akiba, nauangalia mgongo wake, na mgongo ulikuwa umenyooka.

Alipomaliza akaweka kipaza sauti mapajani. Hakuna aliyepiga makofi. Watu hawakujua kama inafaa. Kisha mmoja wa wale wenye makoti ya bluu, mtu mzima, mnene, akavua kofia, akaja mbele akamshika mkono. Akarudi kukaa. Akaja mwingine. Wakapanga mstari bila kuambiwa, kama tulivyopangiwa sisi wafiwa ukumbini Garland, na kila mmoja alisema neno dogo. Yule mnene nilimsikia: alisema amelivaa koti lile miaka mingi na hakujua kwamba waliokufa kwa kukosa mboga walikuwa wengi hivyo.

Dada yake ndiye aliyenyanyuka mwisho. Alichukua kipaza sauti na kuninyooshea mkono. Nikamtazama Mzee, akaitikia kwa kichwa, nikampa ukurasa wa ngome. Aliusoma wote, kwa sauti nzuri ya kanisani, na watu wakapata walichokuja kukisikia. Mimi niliusikia tofauti na nilivyousikia jikoni. Kila aliyefika juu ya ile ngome, sasa nilijua anakokwenda baada ya hapo.

Walipiga makofi sana. Mzee naye alipiga, polepole.

Wakati wa kumpakia garini dada yake alikuja, kofia mkononi, jasho kwenye paji la uso.

"Uliniaibisha," akamwambia kaka yake. "Nilikwambia uanze na ngome."

"Ningeanza na ngome ungenipeleka hospitali."

"Mwakani utaanza na ngome."

"Mwakani utasoma wewe," Mzee akasema. "Anzia unapotaka."

Dada alitazama kaburi la karibu. Akafungua mlango wa gari upande wa kaka yake, akachukua ukurasa wa mto uliokuwa mapajani mwake. Nilidhani anataka kuuchana. Aliusoma mpaka chini, midomo ikitembea.

"Ndugu," akaniita. "Umeandika wajane, watoto na wazazi."

"Ndiyo, Mama."

"Hawakuwa na dada?"

"Walikuwa nao, Mama."

"Basi waandike."

Akatoa kalamu mkobani, akanipa. Nikaulaza ukurasa juu ya boneti ya gari, ambayo ilikuwa ya moto kiasi cha kuunguza kiganja. Kuandika Kiingereza si kazi yangu, lakini neno hilo nalijua. Nikaliandika kwa herufi kubwa, baada ya wazazi, na nikampa ukurasa wake.