Tangi la Uani

Kuna siku moja naikumbuka kila nikisikia mtu anataka kubomoa, na leo naikumbuka kwa ajili yako, mwanangu, maana nimesikia umenunua ile godauni ya kahawa na Jumatatu mafundi wanaingia. Kaa kwanza. Nasema kaa, hiyo simu itakungoja.

Nilikuja Karatu kutoka Rombo miaka ya tisini, mbishi hivi hivi unavyonijua. Nikanunua jengo la duka la jumla lililojengwa kabla ya uhuru: kuta nene za mawe, dari la juu, na nyuma ua wenye stoo za ngano pande tatu. Watalii walikuwa wanapita tu kwenda Ngorongoro, wanatuachia vumbi. Nikasema hapana, hawa watalala kwangu. Stoo nikazigeuza vyumba kumi. Wenzangu waliniambia niangushe kila kitu nijenge upya, nikakataa, nilizipenda kuta zile. Basi nikajiona bingwa wa majengo ya zamani. Loo!

Katikati ya ua kulikuwa na mfuniko wa chuma, na chini yake shimo kubwa la saruji, kavu, limejaa majani na mijusi. Nikawaambia mafundi wamwage humo kifusi chote, tupige sakafu juu yake, wageni wapate mahali pa kunywea kahawa.

Kifusi kilipokaribia kujaa, akaingia Mzee Tluway, Mwiraqw wa kijiji cha Kansay, ambaye ujanani alikuwa akipima ngano katika duka lile. Akachungulia, akatikisa kichwa.

"Mama, hilo ni tangi. Mvua ya mabati yote haya ilikuwa inaingia humo. Tulikunywa kiangazi kizima."

"Mzee wangu, siku hizi kuna bomba," nikamjibu. "Mambo ya kuchota kwa ndoo yalikwenda na wakoloni."

Mafundi wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Mzee akavaa kofia yake akatoka, nasi tukajaza shimo na kupiga sakafu.

Kiangazi kikaingia, bomba likakauka wiki baada ya wiki. Lori la maji lilikuwa moja, mji mzima unaligombania. Ndipo akaja meneja wa kampuni moja ya utalii ya Arusha, aliyeniahidi wageni wa msimu mzima. Akafungua bomba la bafuni. Likakohoa, likatoa hewa.

"Vyumba ni vizuri, mama," akasema. "Lakini wageni wangu wanatoka kreta ya Ngorongoro na vumbi mpaka masikioni. Wataoga nini? Nitapita tena mvua za vuli zikianza. Nisipokuta maji, nawapeleka kwingine."

Bila wageni wale sikuwa na hoteli, nilikuwa na kuta tu. Nilikaa juu ya godoro jipya, nailoni hata haijatolewa, nikalia kwa hasira. Nikajikasirikia mwenyewe. Kisha nikasema: Rombo sirudi. Nikafunga kanga kiunoni, nikaenda Kansay.

Nilimkuta mzee anapura maharage kwa fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

"Umekuja kuomba radhi au kuomba maji?"

"Vyote, mzee."

Hapo akacheka kidogo. "Radhi nakupa. Lakini ulinicheka mbele ya watu, mama. Kaiseme mbele ya watu wale wale."

Mwanangu, kuchimba si kazi. Kazi ilikuwa kusimama uani, mimi mwenye jengo, mbele ya vijana ninaowaamuru, na kusema: "Mzee huyu alijua, mimi sikujua, nikamdharau. Nisamehe, baba." Ulimi ulikuwa mzito! Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Mzee akavua koti, tukaivunja sakafu, akawa wa kwanza kujaza karai.

Tulitoa kifusi siku nyingi, nami humo ndani nimo, mikono imechubuka, nikipandisha karai kwa kamba. Chini tukakuta nyufa mbili. Mzee akaziziba kwa mkono wake, kisha akanionyesha namna ya kugeuza mfereji wa bati ili mvua ya kwanza imwagike nje, maana hiyo huosha vumbi na mavi ya ndege. Ilipokuja mvua ya kwanza niliona uchungu kuyaacha maji yakienda. "Yaache," akasema. Ya pili ndiyo tuliyoipokea, na mlio wa maji yakigonga sakafu ya tangi sijausahau. Meneja aliporudi, alioga mwenyewe. Wageni wakaja.

Sasa sikiliza. Ile godauni ibadilishe, wala sikukatazi. Iwe hoteli nzuri kuliko yangu ukiweza. Ila kabla hujabomoa hata tofali moja, watafute waliobeba magunia mle ndani. Wapo, wanaota jua sokoni, wala hakuna anayewauliza. Ukimdharau mtu hadharani, usimwombe radhi chumbani. Na ukishakosea usikimbie. Shuka shimoni, uanze kutoa kifusi chako kwa mikono yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde wewe na mafundi wako, akupe kifua cha kusema "nisamehe" ungali kijana, na watakaolala chini ya paa lako waamke wakiwa na amani.