Mtafiti Aliyewabembeleza Mbu

Mimi huandika habari za sayansi gazetini, ila napenda ziwe na ladha ya hadithi. Juzi mhariri alinituma Kizingo kwa Daktari Mwanaisha, mtafiti wa mbu. "Usiniletee ripoti," akaniambia. "Niletee mtu."

Nilipofika kwenye mlango wa maabara, daktari alikuwa amenipa mgongo, ameinamia tundu la wavu lililojaa mbu. Nikamsikia akisema kwa sauti ya kubembeleza, "Kuleni, wanangu. Wewe mdogo, wacha kumsukuma mwenzio."

Nikayanakili daftarini. Baadaye tulizungumza kwa kirefu juu ya utafiti wake, lakini maneno yale sikumuuliza; niliona nikiuliza nitayaharibu. Nikaandika ukurasa mzima kuhusu mwanamke anayewapenda mbu kana kwamba amewazaa mwenyewe.

Makala yalikuwa yatoke Jumapili. Jumamosi usiku nikaalikwa kuyasoma mbele ya watu, katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale. Daktari alikaa mstari wa mbele na wanawe wawili. Nilipofika pale pa "wanangu", nikashusha sauti na kufumba macho. Watoto wakaangua kicheko.

"Samahani, Bwana Mwandishi," daktari akasema kwa upole. "Siku ile nilikuwa nazungumza na hawa, wako nyumbani wanakula. Simu nilikuwa nimeichomeka ndani ya mtandio."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka.

"Hilo gazeti," akauliza, "bado halijapigwa chapa, sivyo?"

"Lishapigwa, Daktari."