Jibu Nililompa Muuguzi

Baba yangu aliumwa tumbo miaka mitatu. Alisema kuna kaa la moto chini ya mbavu zake, linahamahama. Tulimpeleka kwa madaktari wengi. Walimpima damu, walimpiga picha, na kila mmoja alimaliza kwa maneno yaleyale: "Mzee, huna ugonjwa wowote."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi. Tukirudi nyumbani Masaka alikuwa anapiga meza, kisha sahani, na mwishowe akawa anampiga mama. Sikuwahi kumwona analia. Kwetu wanasema machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni.

Mwisho tulitumwa kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Mama ni fundi wa kushona, alikuwa na sare za shule za watu, kwa hiyo nilikwenda mimi kuwa murwaza, yaani mtu wa kukaa na mgonjwa, kumfulia na kumletea chakula.

Muuguzi aliyempokea baba hakucheka habari za kaa la moto. Alimwambia, "Mzee, maumivu yako ni ya kweli. Mashine haiyaoni, lakini mimi nakuamini." Baba alimshika mkono, hakuuachia mpaka chai aliyoletewa ikapoa.

Siku moja baba alirusha kikombe ukutani. Muuguzi alisogea pembeni, akaacha mlango wazi, akasema kwa sauti ya chini, "Niko hapa, mzee. Ukipenda tutoke tutembee." Wakazunguka uwanja mpaka pumzi za baba zikatulia. Baadaye akanifundisha: "Usimzibie mlango. Usimwambie atulie, tulia wewe. Na usimwambie kwamba ni mzima."

Siku ya kuruhusiwa aliniita kwenye korido. "Mdogo wangu, nyumbani huwa anampiga mtu?"

Mama alikuwa ameniambia, ya nyumbani yanabaki nyumbani. Nikatazama viatu vyangu.

"Hapana," nikasema. "Nta kibazo." Hakuna tatizo. Hapa kwetu tunajibu hivyo hata nyumba ikiungua.

Alitoa kalamu mfukoni. Kisha akaandika jibu langu kwenye faili. Ningesema ndiyo, angemwita mama na kumfundisha kama alivyonifundisha mimi.

Nami nyumbani sikumfundisha mama. Niliona haya kumwambia mtu mzima namna ya kuishi na mume wake.

Haikupita wiki mbili, tumbo la baba likarudi. Alisimama ghafla akitaka kutoka. Mama aliogopa majirani, akakimbilia mlangoni na kumzibia njia, mkono mmoja ameshika fremu.

"Baba watoto, tulia! Si umepona? Si wamekuruhusu?"

Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji. Nilijua kila neno lilikuwa kosa. Sikufungua mdomo. Baba aliubamiza mlango, na vidole viwili vya mama vilikuwa pale.

Tuliporudi hospitali kwa miadi, baba alibaki kwenye benchi nje. Muuguzi akaniuliza, "Tangu mtoke hapa, hali ikoje?"

Sauti haikuja. Nikaelekeza kidole kwenye kalamu yake. Akanipa, na karatasi.

Mimi naandika polepole. Mama mmoja wa Kabuga, aliyemleta mwanawe, alichungulia mlangoni. "Eh, murwaza wetu huyu! Ulimi ameuacha nyumbani, sasa anaandika barua kwa serikali?"

"Mama, ngoja kidogo," muuguzi akasema. Hakunihimiza.

Niliandika: Anampiga mama. Hata kabla ya kulazwa. Nilikudanganya.

Alisoma, akakunja karatasi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama anaweza kuja Jumanne?"

Mama alikuja, na anaendelea kuja. Tangu hapo baba hajampiga. Maumivu bado yanamjia, na yakimjia anatuambia, kisha mama anaacha mlango wazi, wanatembea hadi barabarani na kurudi. Lakini vidole viwili vya mama havikunjiki tena. Sare za shule zimekwenda kwa fundi mwingine. Zimebaki kazi ndogo, kukunja pindo na kubadilisha zipu, na mimi ndiye ninayemshikia kitambaa.

Jana baba alikaa karibu na cherehani akimtungia uzi kwenye sindano. "Linawaka," akasema, mkono tumboni.

"Nakuamini," mama akajibu.

Mimi nilishika kitambaa, nikatazama chini.