Mtu Akidaka

Harufu ya dawa ya kuchua ikinifikia popote, hata kwenye lifti ya ofisini kwetu Westville, hunirudisha saluni ya Mama kule Greyville, Durban, jirani na uwanja wa mbio za farasi. Kila Jumapili jioni Mjomba Bahati, kaka yake Mama, alijitupa kwenye kiti cha wateja nami nikampaka dawa hiyo vidoleni. Vilikuwa vimepinda, kila kimoja kikitazama kwake kama ndugu waliogombana. Siku za kazi alilinda magari ya watu barabarani. Jumapili alicheza mpira wa Waaustralia, ule wenye umbo la yai, ambao kocha mmoja mgeni alimfundisha yeyote aliyejitokeza. Mama aliuita mchezo wa vichaa: watu wazima wanapandiana migongoni, wanaangushana, wanarudi wakivuja damu na kucheka. "Bahati, utacheza mupaka ubakie na kidole moya?" alimuuliza, na Mjomba akacheka zaidi.

Kule Uvira tulikotoka, miaka ya vita, alikuwa kipa. Vita havina macho, lakini mpira haukukoma, maana askari nao walipenda kucheza. Siku moja walicheza na timu yake, na kamanda wao akapiga penalti. Mjomba akaidaka. Hakuna aliyethubutu kushangilia. Walimlaza palepale kwenye mstari wa goli, wakaviponda vidole vyake kwa kitako cha bunduki, kimoja baada ya kingine. "Na ilikuwa penalti mubaya," aliniambia, "hata weye ungeishika." Ndiyo maana aliupenda mchezo wa Durban. "Huku mutu akidaka balo, firimbi inalia, bote banasimama. Hakuna wa kumugusa." Alilisema hilo kwa furaha kubwa mno, nami mtoto nikaamini kuwa ni sheria ya mji mzima.

Msimu mmoja wenyeji walianza kuwawinda wageni kama sisi. Mchana mmoja wa Jumamosi kundi liliingia mtaani kwetu na marungu, likiimba. Walivunja duka la simu la jirani yetu Mrundi, wakamburuta hadi katikati ya barabara na kumpiga kichwani mpaka shati lake jeupe likawa jekundu. Mimi nilikuwa nimeganda mlangoni mwa saluni. Mjomba aliyaacha magari yake akaja mbio. "Ingia ndani!" Mmoja wao alikuwa ameshanirushia kipande cha tofali. Mjomba akaruka, mikono juu, akakidaka mbele ya uso wangu, na nikasikia vidole vikivunjika. Nikangoja firimbi. Kisha nikapiga kelele mwenyewe: "Amedaka! Amedaka!" Hakuna aliyesimama. Walimwangusha, wakamkanyaga mikono kwa viatu vya kazi, mmoja akimpiga rungu la mbavu kila alipojaribu kuinuka. Mama alinivuta ndani kwa nywele, akashusha mlango wa chuma, na yaliyobaki tuliyasikia tu. Mjomba hakufa. Lakini mikono yake haikukunja ngumi tena, wala hakurudi uwanjani. Niliwachukia watu wale kwa moyo wangu wote. Kwa muda mrefu nilimchukia hata yeye, kwa kunidanganya.

Leo barabara ile ina lami mpya, na duka la simu lina mwenyewe mwingine. Mama bado anasuka, ila akisikia watu wanaimba kwa mbali hushusha mlango nusu, hata kama ni harusi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nina gari, nina nyumba, na binti yangu anacheza mpira uleule wa yai kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Mjomba huja nami kumtazama, mikono yake imelala mapajani. Jumapili iliyopita binti yangu aliruka juu ya wenzake, akadaka, firimbi ikalia. Niliruka nikishangilia, kisha nikaona Mjomba ameelekeza macho kwingine.

"Mjomba, mbona humwangalii mjukuu wako?"

"Ule amekwisha kudaka," alisema. "Mimi naangalia bale banasimama."