Mama na Kiti cha Saba

Umewahi kumwonea wivu mtu unayelala naye kitanda kimoja? Baba yangu amewahi, tena siku kumi na tatu mfululizo.

Baba ni seremala. Mtaani wanamwita Fundi Randa, kwa sababu hata akija kukusalimia tu, atapitisha kiganja juu ya meza yako kutafuta panapokwaruza. Mama anashona mito ya makochi katika chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Viti saba vya wazee wa kanisa, vile vilivyopangwa jukwaani vikiwatazama waumini, ni kazi yao wawili: mbao za baba, mito ya mama. Kwa miaka kumi na moja baba alikaa benchi la nne, akiviangalia na kungoja. Kisha mzee mmoja akahama mji, kura zikapigwa, na waumini wakamchagua mama.

Nyumba ikaingia baridi. Mama akiongea na mteja, baba anagonga nyundo. Akaanza kumwita "Mheshimiwa". Chai ikipungua sukari: "Mheshimiwa ametusahau sisi watu wa chini." Mama alicheka mara mbili za kwanza. Baadaye akaacha.

Jumamosi, siku moja kabla ya mama kusimikwa, nilirudi kutoka chuoni ninakosomea theolojia. Nyumbani huniita Profesa, kwa utani. Tukiwa mezani mchana, baba akamwambia mama bila kumtazama, "Waambie mgongo unakusumbua. Watachagua mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Mgongo wangu mzima, Baba Profesa."

Mimi viti vile nimevichukia tangu utoto, nikaona nafasi ya kuvipiga teke. Nikawaambia kuna neno la Kigiriki katika Injili, pale Yesu anapowakemea waandishi kwa kupenda viti vya mbele katika masinagogi.

"Protokathedria," nikasema.

"Hiyo si dawa ya minyoo?" baba akauliza.

"Proto ni ya kwanza, kathedra ni kiti. Viti hivyo viliwaelekea watu, baba. Aliyekaa pale hakwenda kuona, alikwenda kuonekana. Ingekuwa amri yangu, vyetu vyote saba ningevitia moto."

Baba akapiga meza kwa furaha. "Umemsikia mwanao? Mimi sijasoma, lakini Kigiriki kimeshasema. Kesho hukai!"

Mama akaweka kijiko chini. Machozi yalimlenga, na macho yake yalinitazama mimi, si baba. "Basi," akasema. "Nitawaambia mgongo."

Nilijiona mjinga. Miaka mitatu ya chuo, na neno langu la kwanza la maana nyumbani limegeuka fimbo ya kumchapia mama yangu.

"Sijamaliza," nikasema, sauti ikinipanda. "Kinachokemewa pale si kukaa. Ni kupenda. Mama hakukiomba kile kiti. Humu ndani anayekipenda ni nani?"

"Unaniuliza mimi, baba yako?"

"Namuuliza fundi aliyekitengeneza."

Baba akainuka, akaacha chakula chake nusu, akaenda karakana. Mpaka jioni alikuwa anaranda ubao ambao haukuwa wa mteja yeyote. Mama hakusema tena habari za mgongo, wala hakusema kwamba atakaa.

Asubuhi yake nilitangulia kanisani kupanga vitabu vya nyimbo. Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa peke yake jukwaani, kwenye kiti cha saba, mikono imelala juu ya mbao zake, kidevu juu, anayatabasamia mabenchi matupu. Nikajibanza nyuma ya nguzo.

Mama akaingia kwa mlango wa kando, amevaa gauni lake jipya. Baba aliruka kama mwizi, akapiga magoti, akachomoa bisibisi mfukoni, akaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

"Kinacheza?" mama akauliza.

"Kilikuwa kinacheza."

Mama akasimama akisubiri. Baba akakaza, akahamia skrubu nyingine, akakaza, huku waumini wakiingia wawili wawili, mpaka hakukuwa na cha kukaza tena. Akasogea pembeni, bado yuko magotini, akaupangusa mto kwa kiganja.

"Haya, kaa," akasema kwa hasira. "Watu wanatuona."

Mama akakaa.